Nimefanya kazi nne, lakini riwaya yangu haina uhai

Barua

Wahariri, habari za kazi.

Nina miaka 43, nashona nguo hapa Mwanza. Kabla ya cherehani nimepita kazi tatu. Nikiwa na miaka 17 nilianza kuanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa wavuvi, huko kisiwani Ukerewe, miaka sita. Nikahamia mjini nikawa mama lishe kando ya majengo yanayojengwa, miaka minne. Kisha nikaenda Muscat kwa kazi za ndani, miaka miwili na miezi minne.

Kila anayenijua huniambia, "Wewe maisha yako ni kitabu." Basi miaka mitatu iliyopita nikakaa nikakiandika. Kimetimia kurasa 312 za daftari. Binti yangu akanichapia, nikakipeleka kwa mhariri mmoja. Jibu lake lilikuwa mistari mitatu: mambo ni mengi lakini hadithi hakuna, wahusika wote wanasema kwa mdomo mmoja, na alipofika ukurasa wa 90 hakuona sababu ya kufunua wa 91. Niliumia sana, maana kila kilichomo ni kweli tupu.

Kwenye kikundi chetu cha waandishi nimepata ushauri wa aina tatu. Mmoja anasema niongeze mateso, nimeyapunguza mno. Mwingine, mwalimu, anasema kuona mengi si chochote, nisome vitabu. Wa tatu ananitaka niende Geita nikakae machimboni miezi miwili, kwa kuwa wanaume wa riwaya yangu ni vivuli.

Inakuwaje mtu aliyeona mengi aandike kitabu kikavu hivi? Nipunguze kazi nyingine? Na jambo la mwisho: tajiri wa mtumbwi niliyemwandika yupo hai, na bibi mkubwa wa ile nyumba ya Muscat pia sijui kama yupo. Nitakuwa nimewakosea? Nimeambatanisha sura tatu za mwanzo na ufupisho wa zilizobaki.

Mshonaji, Mwanza

Jibu

Dada Mshonaji,

Pole kwa ile mistari mitatu, na hongera kwa kufika mwisho, kwani wengi huishia sura ya nne. Tumesoma ulichotuma. Mhariri wako amesema kweli, ila hakukuonyesha mahali penyewe, nasi tutajaribu kupaonyesha.

Waliokuambia maisha yako ni kitabu walikutakia mema, lakini walikupoteza njia. Maisha ni robota la mitumba: ukilikata kamba hutoka koti, soksi ya mtoto na shuka lenye doa, na hakuna anayevaa robota. Umetuletea robota zima, kwa mpangilio uleule lilivyofungwa.

Tazama aya ya kwanza ya sura yako ya pili: "Nikaamka, nikateka maji, nikaenda mwaloni, nikanunua ndoo mbili, nikaanika, nikageuza, nikaanua, nikauza, nikarudi nyumbani." Vitenzi tisa vya -ka-, na hakuna hata kimoja kinachotuambia kwa nini asubuhi ile si sawa na ya jana. Kiambishi hiki ni punda wa hadithi za Kiswahili, hubeba kila unachompakia bila kuuliza ni cha nani. Ndiyo maana mtu anayeandika kwa kukumbuka humtumia mno, kwa sababu kumbukumbu nayo huja kwa foleni. Chukua kalamu nyekundu upigie mstari kila -ka- katika sura moja. Palipo na zaidi ya vitano mfululizo bila *ili*, *ingawa*, *kwa kuwa*, *hakutaka* au *-nge-* katikati yake, hapo umeandika wasifu wa kazi. Usibadilishe -ka- kuwa -li- ukadhani umetibu. Jiulize huyu binti alitaka nini siku ile ambacho dagaa walimzuia kukipata. Kama jibu huna, aya hiyo ikatwe yote.

Kosa la pili ni zito zaidi, na huwakumba karibu wote wanaoandika walichokiishi. Katika sura tatu, msichana wako ametapeliwa mara nne, yeye hajamtapeli mtu. Umemlinda kwa sababu ni wewe. Lakini aliyefanya kazi kweli anajua ujanja wake mdogo: sado iliyobonyezwa kitako, dagaa walioanuliwa na mchanga wao ili gunia liwe zito, maharage yaliyoongezwa maji saa saba mchana foleni ilipokuwa ndefu kuliko sufuria. Mpe mhusika wako udanganyifu mmoja alioufanya kwa makusudi, dhidi ya mtu asiyestahili, na umwache asikamatwe kwa sura tatu. Mhariri wako angefunua ukurasa wa 91 kwa ajili ya hilo tu. Kwa hiyo yule anayekuambia uongeze mateso usimsikilize. Mateso unayo ya kutosha, kilichokosekana ni hatia.

Sasa faida yenyewe ya kuwa umepita kazi nne. Watu hudhani ni visa. Visa hata asiyetoka nyumbani anavyo, atavisikia kwa jirani. Ulichonacho wewe, na ambacho mtu hawezi kukibuni akakipatia, ni namna kila kazi inavyofundisha jicho kuona. Na hapa tuna lawama ya kweli. Mwisho wa sura ya kwanza umeandika: "Usiku ule mwezi uling'aa kama sinia la fedha juu ya ziwa tulivu, na moyo wangu ukajaa majonzi." Dada, huo si mwezi wa mwaloni! Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa sababu ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukikua, taa haina nguvu tena na mitumbwi hulala mchangani siku kadhaa. Kwa aliyeishi pale miaka sita, mwezi mpevu ni njaa. Umeazima jicho la mtu anayetazama ziwa kutoka dirisha la hoteli, ukaliacha la kwako. Jaribu hivi:

"Mwezi ulikuwa umejaa. Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani tangu Jumanne, na dukani kwa Mangi daftari la mikopo lilikuwa limefungwa na kuwekwa juu ya rafu ya sabuni, mahali ambapo mtoto aliyetumwa hawezi kulifikia."

Neno majonzi halimo, na msomaji ameshaelewa hali ilivyo. Zaidi ya hapo, kazi ile imekupa saa ya kuendeshea riwaya: kila mwezi una giza lenye pesa na mbalamwezi yenye madeni. Msichana akikopa usiku wa mwisho wa giza akiamini atalipa giza lijalo, na giza lijalo likaja na mvua, huhitaji kubuni tukio jingine.

Ili kuyatoa mambo ya namna hii, nunua daftari jipya, usilichanganye na la riwaya. Kila kazi ipewe wiki moja, jioni tano, dakika 20 kwa jioni. Usiandike matukio. Jioni ya kwanza andika mikono: hatua za kazi kwa mfuatano, pamoja na muda wa kila moja. Ya pili ni maneno, yale yanayosemwa pale tu, na yanayosemwa kumficha mgeni. Ya tatu ni pesa: nani hulipwa lini, nani hutanguliza, deni hukaa siku ngapi kabla ya ugomvi. Ya nne ni yanayoharibika, na nani hubebeshwa lawama. Ya tano ni cheo: nani huketi, nani husimama, nani huamkiwa kwanza, na ndoo ya kwanza ya mtumbwi hupewa nani na kwa sababu gani. Jioni hiyo ya tano watu wengi huiruka kwa haya, na humo ndimo riwaya hulala.

Kwa dagaa, jioni ya nne peke yake ina mengi. Mvua ya saa sita ikikuta mzigo mchangani, dagaa hulowa, hubadilika rangi, hunuka, na jioni hiyohiyo hushuka kutoka chakula cha watu hadi chakula cha kuku. Bei ikianguka hivyo, aliyenunua mbichi kwa mkopo bado anadaiwa bei ya asubuhi. Aliyeanika juu ya chanja ana nafuu, lakini chanja ni mbao na wavu, na hivyo ni mtaji. Umeona? Hapo una wanawake wawili, mmoja wa chanja na mmoja wa mchanga, na wingu moja. Kwenye riwaya yako mvua hii imepata nusu sentensi.

Umeuliza upunguze kazi nyingine. Ndiyo, lakini usizitupe, zigawe. Uwanja wa riwaya uwe mwalo na Muscat. Umama lishe mpe mtu mwingine, tuseme dada wa mhusika aliyebaki Mwanza na anayepokea pesa. Yeye ndiye anayejua kwamba mafundi hulipwa Jumamosi, kwamba jengo likikaribia kupigwa rangi ni wakati wa kudai kwa nguvu kwa sababu wiki ijayo watakuwa wametawanyika, na kwamba daftari la "andika tu, mama" ndilo lililomla mtaji. Ushonaji usionekane kama kazi kabisa. Ubaki kuwa jicho: mhusika akiingia mahali aone sketi iliyoteremshwa pindo mara mbili, suti ya mkopo iliyobana makwapani, shati ambalo vifungo vyake viwili si vya asili. Hakuna mwandishi asiyeshika mkasi atakayeona hayo bila kujilazimisha.

Ipo njia nyingine ya kugawa, ngumu kidogo: kuhamisha. Kwenye ufupisho unaeleza siku pasipoti yako ilipochukuliwa ikawekwa kabatini. Andika ukurasa mmoja wa siku ile kwa ukamilifu. Kisha futa nomino zote za Muscat, yaani pasipoti, wakala, kabati, uwanja wa ndege, na ubakize vitenzi: kuhesabu, kupita karibu bila kutazama, kusikiliza funguo, kujichekesha. Vitenzi hivyo umpe kijana wa mwaloni ambaye tajiri ameshikilia simu yake mpaka deni liishe. Hujasimulia kilichokupata, na bado kila harakati ni ya kweli. Shaaban Robert alitumikia ofisi za serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia forodhani, lakini *Kusadikika* ya mwaka 1951 haina karani wa forodha. Ina nchi isiyokuwepo, mshitakiwa mmoja, na wakubwa wanaosikiliza. Ni vigumu kuisoma bila kuhisi kwamba aliyeiandika alijua mkubwa husemaje anapokataa jambo.

Hapa tukutajie sentensi mbili zilizotufanya tusimame. Zimo kwenye ufupisho, sura ya 17: "Bibi mkubwa wa nyumba alijua Kiswahili, aliwahi kuishi Unguja. Alikuwa akinisaidia kutafsiri." Umepita hapo kama mtu anayeharakishia basi. Mfanyakazi wa ndani ughaibuni hunyang'anywa mengi, lakini hubaki na chumba kimoja, nacho ni lugha yake. Humo hulia na kupiga simu nyumbani, na kutukana akiwa ametabasamu. Wewe uliingia nyumba ambayo chumba hicho kimeshakaliwa. Familia nyingi za Oman ziliishi Zanzibar kwa vizazi, zikaenda Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani. Kwa hiyo bibi huyu si mkalimani tu. Anasikia kila simu yako kwa dada yako. Naye amekaa miaka akikosa wa kuzungumza naye lugha ya utoto wake, na aliyemjia ni mtumishi. Anakuhitaji zaidi ya anavyoruhusiwa kukuonyesha, nawe unaogopa mtu pekee anayekuelewa. Riwaya yako ni hiyo, na dagaa ndio walioipeleka huko.

Bibi huyu atakuponya pia na ugonjwa wa mdomo mmoja. Yeye anasema "bilauri" ambapo wewe unasema "glasi". Fanya zoezi hili: kila mhusika adai au aahidi pesa, sentensi moja moja, bila kutaja jina lake.

"Mwanangu, kile kijisenti nilichokupa juzi kimekwenda zake moja kwa moja?"

"Ndoo sita. Giza hili."

"Dada, utaratibu ni utaratibu."

"Mama, we andika tu, Jumamosi wa kwanza ni wewe."

Mpe binti yako abahatishe nani ni nani. Akikosea wawili kati ya wanne, rudia. Angalia kwamba hatukutumia lafudhi wala kukata maneno vipande. Tajiri anajulikana kwa sababu husema idadi, wakala kwa sababu hujificha nyuma ya utaratibu.

Kipimo cha maelezo ya kazi nacho kina wenyewe wanaokizidisha. Ukishalijaza lile daftari utatamani kumwaga yote. Kwa tukio la ukurasa mmoja na nusu, mambo matatu ya kazi yanatosha, moja kati yake liwe lile ambalo ni mtu wa ndani tu analijua. Neno geni lisifafanuliwe papo hapo; mwanamke akipanda juu ya tofali kufikia chanja, msomaji wa Arusha ameshajua chanja ni kitu gani. Na kila jambo limzuie mtu, limfichue, au limgharimu.

Hilo linatupeleka kwa mwalimu wa kikundi chenu. Ana haki nusu. Aniceti Kitereza, mtu wa kisiwa hichohicho ulichoanikia dagaa, alizaliwa 1896, akafa 1981, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Ukerewe. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980. Imejaa kilimo, ujenzi, ugonjwa, namna ya kupokea mgeni. Kwa nini haichoshi kama orodha? Chukua pombe ya ndizi. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa kuwa ndoa haijapata mtoto, na mume ili amrudishe anatozwa pombe hiyo. Kwa hiyo ndizi zinapoivishwa na kukamuliwa, msomaji anasubiri mke. Utaalamu umefungwa kwenye haja. Kwa upande wa pili, Muhammed Said Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya Zanzibar kabla ya kuhariri magazeti. Mkaguzi wa afya huingia uani kwa watu, hutazama mitungi na mashimo, na huzoea kuona kinachofichwa haraka mgeni anapobisha hodi. Haishangazi kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa, hushika vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita. Mmoja hakutoka sana, mwingine aliingia nyumba nyingi. Kusoma kwenyewe soma, lakini ukisoma, tafuta mahali mwandishi alipofunga kazi na haja, upige mstari.

Geita usiende kukaa miezi miwili. Utarudi na vumbi na deni, na watu humficha mengi anayekuja kuwatazama. Wanaume wako ni vivuli kwa sababu umewaandika wakija kwako tu, hujawaona wakiwa kazini. Mvuvi unamfahamu zaidi ya mchimbaji, anza naye. Tafuta mmoja aliyestaafu, kaa naye mara tatu, saa mbili kila mara, na usimuulize "maisha ya ziwani yalikuwaje?" maana atakuhubiria. Muulize mgeni wa kazi hukosea wapi kwanza. Muulize usiku usio na samaki mtumbwini huzungumzwa nini. Muulize wavu ukichanika, gharama huenda kwa nani. Mara ya tatu nenda na kazi yako ya kushona, uzungumze huku mikono yako inafanya kitu. Watu husema zaidi.

Kuhusu walio hai, tuwe wafupi. Andika alama tano zinazomtambulisha tajiri wa mtumbwi kwa watu wa mwalo ule: umri, kilema, idadi ya wake, jina la utani, namna alivyopata mtumbwi. Badilisha nne. Ile utakayobakiza iwe tabia, isiwe sura wala ukoo. Kisha mchanganye na mtu wa pili. Utashangaa kwamba amekuwa mbaya kwa namna yenye akili zaidi, kwa sababu hulipizi kisasi tena. Jina la mwalo libuniwe, na la familia ya Muscat vilevile. Kuhusu bibi, hatuoni kama utamkosea ukimwandika kwa haki anayostahili mtu mpweke mwenye mamlaka. Ungemkosea kwa kumwacha kwenye sentensi zile mbili.

Zile kurasa 312 usizichane wala usizirekebishe. Ziweke mahali, uchote humo unapokwama. Wiki nne za mwanzo jaza lile daftari tulilokueleza, ya tano na ya sita panga sura kati ya 14 na 16, kila moja ikiwa na kitu kimoja ambacho mhusika anakitaka kabla haijaisha. Halafu usianzie mwaloni. Anzia Muscat, usiku wa kwanza. Msichana amesimama jikoni na sinia la vyombo, anadhani yuko peke yake, anamsema bibi mzee wa ile nyumba kwa sauti, kwa Kiswahili, jambo baya na la kuchekesha. Sauti inatoka gizani, kwenye kiti kilicho nyuma ya mlango, ikiomba bilauri ya maji. Andika kurasa tatu kutoka hapo, ututumie.

Wahariri wa safu